Moto Unaotoka Puani

Mzee mnene ameketi kitini, ngumi amezikunja, uso ameukunja zaidi. Tabibu amemwinamia, mkononi ana kijiti cha madini, na ncha ya kijiti hicho ameigusisha kwenye pua ya mgonjwa. Pua inatema ndimi za moto. Mezani pana pombe ya moto, sukari na malimau, kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza wekundu wa pua ile ulianzia wapi. Na kando ya pombe kuna gazeti lenye tangazo la tiba hiyohiyo inayomchoma mzee. Mchoro huu ulitoka London mwezi Novemba 1801. Aliyeuchora ni James Gillray, mtu ambaye hakuna waziri wala mfalme wa zama zake aliyesalimika na mkono wake.

Mtu wa Likasi, mji wa shaba wa Katanga nchini Kongo, akiutazama mchoro huu, jicho lake halikawii kutafuta kitu ambacho hakikuchorwa, yaani bamba. Michoro ya aina hii ilichimbwa kwenye bamba la shaba. Shaba ilipakwa nta, mchoraji akakwaruza nta kwa sindano, bamba likamwagiwa tindikali, na tindikali ikala shaba pale tu ambapo sindano ilipita. Kisha wino, karatasi, mashine ya kukandamiza, na mwishoni rangi zilizopakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, katika duka la Hannah Humphrey ambako Gillray mwenyewe alikuwa akiishi. Tindikali inayokula shaba si habari ngeni kwetu. Kuna watu hapa kwenye kiwanda chetu cha shaba cha Shituru waliostaafu wakiwa na matundu kwenye mashati yao ya kazi, na hawakuwahi kuchora chochote.

Vijiti vya tabibu yule navyo vilikuwa na shaba ndani yake. Aliyevibuni, daktari Elisha Perkins wa Connecticut nchini Marekani, alivipatia hataza mwaka 1796: vijiti viwili, urefu wa inchi tatu hivi, kimoja cha rangi ya fedha na kingine cha rangi ya dhahabu, kila kimoja butu upande huu na chenye ncha upande wa pili. Alidai ni mchanganyiko wa madini adimu. Kumbe kimoja kilikuwa chuma cha pua na kingine shaba njano, ambayo ni shaba yetu hii iliyochanganywa na zinki. Ulitakiwa kuvipitisha juu ya mahali panapouma, ukivuta kuelekea nje ya mwili, navyo vingenyonya umeme mbaya unaoleta maumivu. Kwa hiyo shaba ilikuwa ikiuza dawa kwenye nyumba hii, na kwenye duka la mtaa wa pili shaba ilikuwa ikimcheka mnunuzi.

Shaba ya Katanga haikuwamo katika biashara hiyo. Waingereza walikuwa na ya kwao, kutoka Cornwall na kisiwa cha Anglesey. Ya kwetu miaka ile ilikuwa ikisafiri kwa miguu, ikiwa imemiminwa katika umbo la msalaba, ikilipa mahari na kununua chumvi. Wakati Gillray akichora pua za London, wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, walikuwa wanajiandaa kuondoka Angola kwa ile safari yao ya kuvuka bara, 1802 hadi 1811, na walipopita katika nchi hizi waliandika habari za shaba yake. Hawakutaja mtu yeyote aliyekuwa akichomwa pua.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu wa mwaka 1801 alilipa gini tano kwa vijiti viwili, lazima tuwatendee haki watu wale. Miaka kumi kabla, mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alikuwa ametangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa hurusha teke ukiguswa na madini mawili tofauti. Alisema umeme umo ndani ya mnyama. Alessandro Volta alibisha, akasema umeme unatokana na hayo madini mawili, na mwaka 1800 akalithibitisha hilo kwa kupanga visahani vya madini mawili, vikitenganishwa na vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Betri ya kwanza ikazaliwa. Sasa mtu aliyesoma gazeti lenye habari hizi, kisha akaletewa vijiti vya madini mawili vinavyovuta umeme kutoka kwenye misuli, angejuaje kwamba habari moja ni sayansi na nyingine ni utapeli? Zote zilikuwa na madini mawili. Zote zilisema juu ya umeme wa mwili. Perkins hakubuni uongo wake hewani. Aliusimamisha karibu kabisa na ukweli, kama muuza samaki anayeweka meza yake nje ya mlango wa kanisa Jumapili.

Na Gillray naye hakujua tofauti. Jambo hili limenikalia moyoni kuliko pua yenyewe. Miezi sita tu baada ya vijiti, Mei 1802, alichora mchoro mwingine uliopata umaarufu mkubwa zaidi. Safari hii tuko Royal Institution, ukumbi wa mihadhara ya sayansi London. Mhadhiri anamvutisha bwana mkubwa gesi ya kucheka, na upepo unamtoka bwana yule kwa nyuma, ukipasua suruali kwa kishindo cha moto na moshi, huku mabibi na mabwana wakiandika kwa makini kwenye madaftari yao. Nyuma ya meza amesimama msaidizi kijana, kashika mivukuto, anatabasamu kishetani. Kijana huyo ni Humphry Davy. Mwaka 1807 Davy huyohuyo alipitisha umeme wa betri kubwa katika magadi yaliyoyeyushwa, akatoa madini mawili ambayo binadamu hakuwahi kuyaona yakiwa peke yake, potasiamu na sodiamu. Betri hiyo ilikuwa ya mabamba ya shaba na zinki.

Mgonjwa wa tapeli alitokwa moto puani, wa mwanasayansi akatoa upepo nyuma. Mkono ni uleule, bamba ni lilelile, na kicheko cha mnunuzi dukani bila shaka kilikuwa kilekile. Ndiyo sababu nasitasita ninaposikia watu wakisifu michoro ya kejeli kwamba iliwafichua matapeli wa umeme. Kejeli haina pua ya kunusa uongo. Inachonusa ni majivuno. Ikimwona mtu amejipandisha juu ya kiti, ana kifaa kinachong'aa, na amezungukwa na watu walioachama, itampiga, awe mkweli au mwongo. Kazi ya kupima ukweli ilifanywa na mtu mwingine, kimya, kwa kutumia vijiti vya mti.

Mtu huyo ni John Haygarth, daktari wa Bath, mji wa chemchemi za moto ambako Waingereza wenye viungo vibovu walikwenda kujiloweka. Mwanzoni mwa 1799 alichonga vijiti vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vya Perkins, akavijaribu kwa wagonjwa watano wenye baridi yabisi ya muda mrefu. Wanne walisema wamepata nafuu. Siku iliyofuata wakatibiwa kwa vijiti vya kweli. Matokeo yakawa yaleyale. Mti hauna umeme wa kuvuta. Haygarth aliandika kitabu mwaka 1800 akieleza kwamba fikra ya mgonjwa peke yake inaweza kumwumiza na inaweza kumponya, na hadi leo anayejaribu dawa mpya kwa kuwapa nusu ya wagonjwa vidonge visivyo na kitu anafuata njia aliyoipita daktari yule na vijiti vyake vya mbao.

Wala msidhani kwamba duka lilifungwa kesho yake. Kitabu cha Haygarth kilikuwa kimekwisha kutoka Gillray alipochora, na mwaka 1804, miaka mitatu baada ya mchoro, wafuasi wa vijiti walifungua taasisi yao London kwa ajili ya kuwatibu maskini. Mzee Perkins hakuishi kuyaona haya: alifariki 1799 kwa homa ya manjano huko New York, alikokwenda kuitibu kwa dawa nyingine aliyoibuni, na si kwa vijiti. Mwanawe Benjamin ndiye aliyeiendesha biashara ya London. Mtihani ulikwishafanyika, kicheko kilikwishachekwa, na watu waliendelea kununua kwa muda. Sishangai. Mwenye goti linalomuuma usiku hanunui hoja.

Hapa kwetu bangili ya shaba ya kutuliza viungo bado inavaliwa, na wanaovaa ni pamoja na watu waliofanya kazi maisha yao yote katika viwanda vya shaba, watu ambao kama shaba ingekuwa na dawa wangekuwa wazima kuliko wote duniani. Nimemwona mzee mmoja wa mtaa wa Panda akiizungusha bangili yake alipokuwa akinieleza jinsi umeme unavyotenganisha madini ndani ya birika. Aliyajua yote mawili na hayakugombana kichwani mwake.

Maelezo yake ndiyo yanayonifanya nimrudie Davy. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, na tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kufanya kinyume cha betri ya Volta, kama alivyofanya Davy. Volta alichukua madini akapata umeme. Shituru inachukua umeme ikapata madini. Jiwe la kijani linasagwa, linalowekwa katika tindikali ya salfa, shaba inayeyuka na kuwa maji ya buluu. Maji hayo yanaingizwa katika mabirika marefu, umeme unapita, na shaba safi inajishika taratibu juu ya bamba, utando juu ya utando, mpaka bamba linanenepa na kuvuliwa. Mwaka uliofuata, 1930, mtambo wa Mwadingusha kwenye maporomoko ya Lufira ukaanza kulisha viwanda, na bonde zima likageuka ziwa ambamo leo watu wa Tshangalele wanavua samaki. Mji wenyewe ulipewa jina la Jadotville mwaka 1931, ukarudishiwa jina la Likasi 1966. Kwa hiyo sayansi ileile iliyochekwa kwa suruali iliyopasuka ndiyo iliyojenga mitaa ya Kikula na Panda, ikalisha watoto, na ikamwaga tindikali mtoni. Umeme hapa uliingia kiwandani kabla ya kuingia nyumbani, na kuna nyumba ambazo unazisitasitia mpaka leo. Waya mkubwa wa kutoka Inga, uliowashwa 1982, unasafiri kilomita 1,700 hivi kuja Kolwezi, ukipita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi.

Hapa kuna jamaa mmoja ninayependa kumtaja kwa sababu Wamethodisti wa Likasi ni wengi na wengi wao hawamjui upande huu. Ukitoka mjini kuelekea Kolwezi utapita Mulungwishi, misheni ya Methodisti tangu enzi za mmisionari John Springer, na sasa kuna chuo kikuu chao. Mwanzilishi wa kanisa lile, John Wesley, alikuwa na mashine ya umeme. Mwaka 1756 aliipata, akaanza kuwapitishia wagonjwa cheche zake, na wagonjwa walipozidi akafungua vituo vinne London ambako maskini walitibiwa bure. Mwaka 1760 alichapisha kijitabu kizima juu ya tiba hiyo, bila jina lake. Aliamini kwamba Mungu ameweka dawa rahisi duniani ambayo madaktari wenye tamaa hawataki maskini waijue.

William Hogarth, mkubwa wa wachoraji wa kejeli kabla ya Gillray, aliwachora Wamethodisti mwaka 1762. Katika mchoro wake mhubiri anapiga kelele mpaka wigi linamvuka, na pembeni kuna kipimajoto kikubwa kinachopima joto la ubongo wa Mmethodisti, kimesimamishwa juu ya kitabu cha mahubiri ya Wesley. Hogarth alichukua chombo cha sayansi kupimia imani. Lakini mashine ya Wesley hakuichora. Ilikuwa kwenye chumba cha kawaida, inazungushwa kwa mkono, mgonjwa ni mfua nguo mwenye bega lililokakamaa, wala hakuna ada. Wapi pa kuchekea? Je, cheche zile ziliponya? Chache huenda zilisaidia msuli uliolala, nyingi zilifanya kazi ya vijiti vya Haygarth. Wesley alikosea kwa sehemu kubwa, na kosa lake lilikuwa halina majivuno, kwa hiyo kalamu ikampita.

Mlinganishe na James Graham, ambaye mwaka 1780 alifungua London hekalu la afya lenye taa, muziki na harufu nzuri, na mwaka uliofuata akawakodishia wanandoa wasio na watoto kitanda cha umeme kilichosimama juu ya nguzo za kioo, pauni 50 kwa usiku mmoja. Huyo walimchora mpaka wakachoka. Matangazo ya uzazi na nguvu za kiume yaliyobandikwa kwenye nguzo za mji huu yangemfanya ajione yuko nyumbani.

Karne ya kumi na tisa ilipofika, umeme wa tiba ulishuka bei na kuvaliwa kiunoni. Waliosoma sekondari kwetu wanamkumbuka Homais, yule mwenye duka la dawa katika *Madame Bovary* ya Flaubert: anavaa chini ya fulana mkanda wa umeme wa Pulvermacher, na mkewe anapigwa butwaa anapouona usiku. Wengi tulidhani Flaubert ameubuni. Mkanda ulikuwepo, ukiuzwa Ulaya na Marekani, nyaya za shaba na zinki zilizoviringwa kwenye vipande vya mti na kuchovywa katika siki. Siki, shaba, zinki: betri ya Volta iliyogeuzwa vazi. Homais ni mwenye majivuno kuliko watu wote wa kitabu kile, na Flaubert hakukosea kumvalisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo michoro ya kejeli ililikosa, na ambalo lilitoka kilomita ishirini hivi kutoka tulipo.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, akifanya kazi ya kampuni ya migodi ya Union Minière, aliyaona mawe ya rangi ya njano na ya chungwa pale Shinkolobwe. Yalikuwa na urani kwa wingi usiopata kuonekana, na ndani ya urani mlikuwamo radiamu. Kabla ya hapo gramu moja ya radiamu ilitolewa katika mamia ya tani ya mawe ya Colorado, na iliuzwa zaidi ya dola 100,000. Mwishoni mwa 1922 kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kilianza kutoa radiamu ya Katanga, bei ikashuka hadi karibu dola 70,000, migodi ya Colorado ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiamu mpya ya dunia ilitoka katika ardhi hii. Hospitali ziliinunua kwa ajili ya saratani. Wengine waliinunua kwa ajili ya chochote.

Warithi wa Perkins walihama kutoka kwenye umeme bila kubadilisha maneno. Nguvu, uhai, mwanga wa ndani. Mmarekani William Bailey, aliyejiita daktari bila kuwa daktari, aliuza kwanza kifaa kilichopakwa dhahabu, chenye radiamu, cha kuvaliwa juu ya tezi za mwili. Bei ya mwanzo ilikuwa dola 1,000, na mahali pake pa kuvaliwa hapakuwa mbali na pa mkanda wa Homais. Kisha, kuanzia 1925, akauza chupa ndogo za maji aliyoyaita Radithor, dola moja chupa, na madaktari walioandikia wagonjwa wakapewa kamisheni. Eben Byers, tajiri wa viwanda vya chuma na bingwa wa gofu wa mwaka 1906, aliumia mkono mwaka 1927 alipoanguka kitandani ndani ya treni. Daktari akamshauri Radithor. Alijisikia vizuri sana, akanywa chupa zipatazo 1,400. Mifupa ya taya ikaoza akiwa hai, na tarehe 31 Machi 1932 akafariki, akazikwa katika jeneza lenye bitana ya madini ya risasi.

Tafadhali tulia hapa kidogo. Vijiti vya Perkins havikuwa na faida yoyote, lakini vyenyewe havikumwua mtu. Radithor haikuwa ya bandia. Kila kilichoandikwa kwenye chupa kilikuwamo ndani ya chupa. Haygarth angeipima kwa vijiti vyake vya mbao angeona tofauti baada ya miaka, na tofauti hiyo ingekuwa kaburi. Miaka ile serikali ya Marekani ilikuwa ikiwafuatia wauzaji ambao maji yao hayakuwa na radiamu ya kutosha, yaani waongo. Bailey alikuwa mkweli. Hatimaye walimzuia Desemba 1931, Byers akiwa bado anapumua.

Na michoro? Michoro ilikuwepo, tena mizuri. Mwaka 1933 hivi, Paris ilipambwa kwa matangazo ya krimu ya Tho-Radia, yenye thoriamu na radiamu, iliyouzwa kwa jina la daktari aitwaye Alfred Curie ambaye hakuwa na udugu na Marie Curie. Tangazo linaonyesha msichana wa nywele za dhahabu, uso wake umemulikwa kutoka chini na mwanga usio na taa. Hakuna moto puani. Hakuna mtu aliyepandisha mabega. Ni utulivu mtupu. Gillray angeutazama uso ule na asipate pa kuanzia. Radiamu haikuwa na cheche wala kishindo, haikunuka, haikuunguza ulimi, na aliyeiuza hakupaza sauti. Kalamu iliyozoea kufuata kelele ilipitwa na kitu kimya.

Upande wetu wa hadithi haukuwa na karatasi wala wino. Enzi hizo za ukoloni, Katanga ilikuwa na mutumbula, yule wa usiku anayekamata watu kwa ajili ya Wazungu. Tanganyika na Kenya walikuwa na mumiani anayenyonya damu, na kule Uganda na Nairobi watu waliwakimbia wazimamoto kwa hofu hiyohiyo. Wasomi wamezikusanya hadithi hizi na kuzieleza kwa namna nyingi. Mimi naziona kama michoro ya kejeli iliyochorwa hewani na watu ambao hawakuruhusiwa kucheka. Zina kila alichonacho Gillray: mwenye mamlaka anayetisha, mgonjwa asiye na uwezo wa kukataa, kitu kinachotolewa mwilini kwa ahadi ya manufaa. Tofauti ni kiti. Mzee wa London alikaa kwa hiari yake na alikuwa na gini tano mfukoni. Mtu aliyepimwa kifua ili aajiriwe mgodini hakukaa kwa hiari. Kicheko ni starehe ya anayeweza kuinuka.

Waliochambua mawe ya Shinkolobwe kwa mikono na kuyatia magunia hawamo katika mchoro wowote wa zama zile ambao nimewahi kuuona, wa kejeli wala wa tangazo. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyeichora historia yote ya nchi hii miaka ya 1970 kwenye magunia ya unga, alirudia tena na tena bomba la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha takataka zake. Bomba linachoreka. Moshi unachoreka. Kitu kinachokaa ndani ya mfupa wa taya kwa miaka mitano kabla ya kujitangaza, unakichora vipi?

Siku hizi, Likasi kama Mwanza, Lubumbashi kama Mombasa, utamkuta kijana ameketi nyuma ya kompyuta mpakato, kwenye meza ndogo karibu na farmasi au sokoni. Anakupa kijiti cha madini ukishike kiganjani. Dakika moja, mashine inalia, na kompyuta inatoa kurasa juu ya kurasa: ini lako, figo lako, mafuta ya damu, kalisi ya mifupa, sumu zilizolala mwilini. Halafu yanafuata maboksi ya virutubisho. Watu wazima kabisa wanaondoka na magonjwa manane. Tulipokuwa shuleni tulicheka sana kusoma *Knock* ya Jules Romains, yule daktari aliyewalaza kitandani watu wazima wa mlima mzima. Sasa tunapanga foleni.

Kijiti kile ni cha Perkins, kimevuka karne mbili na ushee kwa miguu yake. Lakini mwenye kijiti amejifunza. Hajivuni. Hajiiti daktari, haahidi kuponya, hapandi kwenye kiti. Ukimbishia anakujibu kwa upole: papa, si mimi ninayesema, ni mashine. Majivuno yote ameyahamishia kwenye kompyuta, na kompyuta haina pua. Kuna namna moja tu ya kumkamata, na imekwisha kuvumbuliwa Bath mwaka 1799: mpe mtu yuleyule ashike kijiti mara mbili asubuhi hiyohiyo, mara ya pili chini ya jina jingine, uzilinganishe karatasi.

Nilimweleza mchoraji mmoja wa vibao wa Kikula habari za pua ya London. Ni fundi, sindano na tone la damu lililoko kwenye ukuta wa zahanati fulani ni la mkono wake, na darubini yake inapendeza kuliko darubini yenyewe. Alicheka mpaka akaweka brashi chini. Akasema yeye angemchora mteja amezama ndani ya karatasi mpaka shingoni, na mashine bado inatapika nyingine. Nikamwambia hilo ni wazo zuri, alifanye. Nikamwongezea, kwa kumtia moyo, kwamba hata Gillray aliyewachapa wakubwa alikuwa, kuanzia 1797, akilipwa na serikali kimyakimya pauni 200 kwa mwaka, na bado alichora. Akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama najua kwamba kibao cha yule kijana wa kompyuta, chenye moyo mwekundu na mshale wa umeme, amekichora yeye, na kwamba nusu ya malipo bado hajapewa.